Kifaru Kilichoitwa Shemeji

Jioni ile Kibano alitoka kwenda kununua stokingi moja.

"Moja?" Muuza mitumba alimkodolea macho. "Dada, mguu mwingine umeupeleka wapi?"

"Upo, unasubiri kukupiga teke. Nipe hiyo iliyotoboka."

Muuza mitumba alicheka mpaka akakaa juu ya robota. Kibano hakucheka. Alikuwa na hasira, na si ile hasira ya kupandisha sauti ikaisha. Ilikuwa hasira ya kukaa, inayolala na mtu ikaamka naye.

Stokingi ilikuwa ya kuchekechea udongo.

Kibano alikuwa fundi wa simu. Jina lilimganda kwa sababu kibano hakikumtoka vidoleni, na wateja waliojaribu kumfanyia ujanja walijua kibano kina maana nyingine pia. Lakini alikuwa na kazi ya pili. Mji wao ulikuwa na kambi ya jeshi, na wakubwa waliostaafu hupenda kujitazama kwenye kabati za sebuleni. Walimletea maboksi ya vipande vya plastiki: ndege, magari ya deraya, vifaru. Yeye aliviunga, akavipaka rangi, kisha akafanya ile kazi ambayo wengi hawaijui. Alivichakaza. Alibandua rangi kwenye kingo ambazo buti hukanyaga. Aliweka kutu kwenye maungio, masizi kwenye bomba la moshi, tope kwenye minyororo. Kukitengeneza kitu vizuri, halafu kukiharibu vizuri zaidi. Akimaliza, ungeapa kifaru kile kimetoka vitani jana.

Kapteni alikuwa amekuja mchana wa siku hiyo. Mzee mnene, kiatu kinang'aa, amestaafu lakini bado anatembea kama anakaguliwa. Kiunzi cha kifaru chake Kibano alikuwa ameshakiunga na kukipaka kijani wiki iliyopita. Kapteni alikigeuzageuza akakunja pua.

"Kipya mno hiki. Nataka kama kilivyokuwa kule mpakani. Kichakaze hasa. Na huu mzinga uugandishe utazame mbele, usizunguke."

"Sawa, Afande."

Akatoa mfukoni kopo la rangi ya viatu. "Humu mna udongo wa kule kule. Paka huu, usipake mwingine." Alilisukuma kopo kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma sahani ya chakula kilichochacha. "Na ubavuni andika *Shemeji*."

Bisibisi ilimponyoka Kibano ikaanguka chini.

Maana jina hilo alilijua. Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, alikuwa dereva wa kifaru. Akipiga simu usiku kutoka mpakani alikuwa akimaliza hivyo hivyo: "Dada, acha nikalale na Shemeji." Wenyewe walikuwa wamekibatiza hivyo kwa sababu kilihitaji kubembelezwa kama shemeji. Ukikikosea neno moja tu, kinanuna na hakiwaki. Hakuna aliyekiita jina hilo isipokuwa waliopanda humo.

Kibano aliinama kuokota bisibisi ili uso wake usionekane.

"Mlikuwa wangapi humo, Afande?"

"Wanne. Tulipopigwa, wawili walikufa palepale. Mimi nikatoka."

"Na wa nne?"

"Dereva?" Kapteni alicheka kwa pua. "Huyo alitukimbia hata kabla. Mtoto wa mama. Aliruka akaingia porini, na mpaka leo anakimbia."

Akaenda zake.

Jamani, kuna maneno mtu akiyasema ardhi ingepaswa kumfyonza! Huyo mtoto wa mama, mama yake alikuwa chumba cha nyuma ya kibanda, ng'ambo ya ukuta tu, anachambua mchele. Askari waliokuja nyumbani kwake hawakuja na jeneza. Walikuja na maswali. Walipindua magodoro, wakachungulia hadi kwenye pipa la maji, wakimtafuta mtoro. Tangu siku hiyo Mama aliitwa "mama mtoro" bombani na sokoni. Hakuweza kumlilia mwanawe, kwa sababu aliyekimbia haliliwi. Hakuweza kumngoja, kwa sababu kumngoja mtoro ni kumficha. Aliacha kwenda misibani kwa watu. Na jina la mwanawe hakulitaja tena, hata kwa bahati mbaya.

Kibano angeweza kumrushia yule mzee boksi lake usoni. Alijikaza. Alitaka kusikia zaidi kutoka kinywa kile. Tena alitaka kutia mkono wake ndani ya tumbo la kitu kilichommeza mdogo wake, hata kama ni tumbo la plastiki.

Basi alirudi kibandani na stokingi yake, akawasha taa ya mezani, akafungua kopo.

Udongo wa kawaida una chembe kubwa mno kwa kifaru kidogo. Chembe moja ya mchanga inakuwa jabali. Sharti uuchekeche, na kinachobaki ukisage. Aliumimina kwenye stokingi, akapigapiga. Ukashuka unga mweusi, laini, wenye mafuta. Ndani ya stokingi vikabaki vipande vigumu, vya kijivu kinachoelekea weupe. Akavimwaga juu ya kioo, akavikandamiza kwa mgongo wa kijiko.

Vilikataa.

"Mawe gani haya?" alinong'ona. Akavisaga kwa nguvu zote, huku akiuona uso wa Kapteni chini ya kijiko. Vililia krrr... krrr... mpaka vikawa unga. Akauchanganya na ule mweusi, akatia maji na gundi, akaanza kupaka. Kwenye minyororo. Chini ya mabati ya kukinga tope. Na pale mbele, kuzunguka mfuniko wa dereva, wa tundu analoingilia, kwa sababu dereva hupanda buti zake zikiwa na tope jingi.

Akanawa mikono. Harufu haikutoka. Dizeli... na kitu kilichoungulia ndani ya dizeli.

Siku ya pili, jua likielekea kuzama, alirudi kwenye kazi. Mzinga hakuwa ameugandisha. Aliusukuma pembeni, apate nafasi ya kufikia mfuniko wa dereva, akaenda kusuuza brashi. Aliporudi mzinga ulikuwa unatazama mbele. Umeinama, umelala juu ya mfuniko.

Labda ameugusa kwa kiwiko. Akausukuma pembeni tena. Akageuka kuwasha taa.

Mbele.

Kibano alisimama, mkono bado uko kwenye swichi. Hakukuwa na upepo. Simu za wateja zilikuwa zimezimwa zote, zimepangwa kwenye trei yake. Nje mtu alikuwa anafunga genge lake huku anapiga mluzi. Kisha mluzi ukapita, na ndipo aliposikia.

Ko. Ko. Ko.

Kidogo mno. Kama ukucha kwenye kopo.

"Nani anabisha?" Mama aliuliza kutoka chumba cha nyuma.

"Hakuna mtu, Mama."

"Yupo. Mfungulie."

Kibano alikitupia kifaru kitambaa, akafunga kibanda, akaenda kulala bila kula. Ukimuuliza yeye atakwambia hakuwa anaogopa. Alikuwa anakasirika. Alijiona anachezewa, na hakujua anayemchezea ni nani.

Jioni iliyofuata alikifunua.

Kuna sheria moja katika kuchakaza ambayo hata anayeanza leo anaijua. Michirizi ya kutu unaivuta kwa brashi yenye unyevu, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu mvua hushuka. Ukiivuta kinyume, macho ya mtu yanakataa hata kama hajui kwa nini. Kibano hakuwahi kukosea hilo.

Kwenye mfuniko wa dereva kulikuwa na michirizi ambayo hakuichora. Myembamba, imepangana. Ilikuwa inapanda.

Aliivuta taa yenye kioo cha kukuza. Haikuwa rangi. Plastiki yenyewe ilikuwa imekwaruzwa, na vumbi lake jeupe lilikuwa bado limelala kingoni. Akachukua kibano, akaunyanyua mfuniko taratibu. Mikwaruzo ilianzia ndani. Ilijaa upande wa chini wa mfuniko, mingine juu ya mingine, ikapita ukingoni na kutoka nje.

Akajaribu kuufungua mfuniko wote.

*Tok.*

Uligonga mzinga, ukagoma.

Aliufunga. Akaufungua tena. *Tok.* Na hapo mkono wake ukaelewa kabla ya kichwa chake. Mfuniko wa dereva haufunguki mzinga ukiwa umelala juu yake. Dereva akiwa chini hana la kufanya. Anayeuzungusha mzinga ni aliyekaa juu. Wawili wa juu walikufa palepale, alisema Kapteni. Yeye akatoka.

Akatoka, akauacha mzinga pale ulipo.

Hakukimbia! Mdogo wake hakukimbia popote. Alikuwa humo, moto uko nyuma yake, anasukuma mfuniko kwa mabega, kwa viganja, kwa kucha. Kibano alikitupa kibano mezani. Ile harufu ilipanda kutoka mezani, nzito, ikamjaa mdomoni. Akaligeukia kopo la rangi ya viatu. Ule weusi wenye mafuta. Udongo gani wa porini una mafuta? Na vile vipande vigumu, vya kijivu, vilivyokataa kusagika...

Alikitazama kijiko.

Alikuwa amemsaga mdogo wake.

Mama alimkuta uani, amepiga magoti kwenye beseni, anajisugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka inatoka damu. Alimshika viganja akavizuia.

"Nini?"

Kibano alimwambia. Yote, kwa kunong'ona, bila kupumzika, kuanzia jina la Shemeji mpaka kijiko. Alingoja Mama aanguke. Mama hakuanguka. Aliingia kibandani, akakinyanyua kifaru kwa mikono miwili kama mtu anayenyanyua mtoto aliyelala, akakiweka sikioni. Akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamwita mwanawe kwa jina lake.

Ndani kukajibiwa. Ko. Ko. Ko.

"Mwite huyo mkubwa wake," Mama alisema. Uso wake ulikuwa mkavu. "Mwambie mzigo wake uko tayari."

Kapteni alikuja kesho yake, jua likiwa bado juu ya mabati. Alimkuta Kibano amesimama, na pembeni yake kikongwe asiyemfahamu, amekaa kwenye stuli ya wateja.

"Aa, sasa hicho ndicho!" alisema akikiona kifaru. Halafu akaona mfuniko. Tabasamu likabaki mdomoni peke yake.

"Hii mikwaruzo ni ya nini?"

"Nilidhani wewe ndiye utakayetuambia, Afande," alisema Kibano. "Udongo uliutoa wapi?"

"Nimekwambia. Kule."

"Kule porini, au kule kwenye kiti cha dereva?"

Kapteni aliangalia mlango. Kibano alikuwa ameshauziba.

"Nyinyi ni nani?"

"Mimi ni dada wa mtoto wa mama," alisema Kibano. "Na mama mwenyewe ndiye huyo."

Mzee yule alikaa. Hakukaribishwa, alikaa tu, kwenye boksi la chaja. Alianza na uongo, akaukatisha katikati. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kifaru kilikuwa kinawaka, kwamba risasi za ndani zilikuwa zimeanza kulipuka, kwamba kuuondoa mzinga pale kulitaka arudi ndani auzungushe kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko. Angerudi wangekufa wote wawili.

"Hilo ningeweza kulimeza," Kibano alimkatiza. "Uliogopa. Hata mimi ningeogopa. Lakini nani alisema ametoroka?"

Kapteni aliinama kufuta kiatu kisicho na vumbi.

"Nani alileta askari wakapindua godoro la mama yangu?"

"Wangeniuliza kwa nini sikurudi..." alinong'ona. "Baadaye kifaru kilipoburutwa kurudishwa kambini, nilikwenda mwenyewe. Nikachota kilichobaki. Sikuweza kukizika, sikuweza kukitupa. Nilitaka kikae mahali pake."

"Mahali pake! Kwenye kabati lako, kati ya picha zako!"

Kibano alinyoosha mkono akichukue kifaru. Alikuwa ameshapanga yote: kitambaa cheupe, kaburi dogo karibu na baba yao, basi, mdogo wake alale. Lakini Mama alimtangulia. Alikichukua, akakiweka mapajani kwa Kapteni.

"Kichukue," alisema. "Si ulikiagiza?"

"Mama!" Kibano alishtuka.

Mama hakumsikiliza. Aliinama, midomo yake ikagusa mzinga. "Mwanangu, nenda na mkubwa wako. Nenda naye kwake. Mwambie akufungulie."

Kibano aliona mikono ya Kapteni ikikataa kukishika. Akaiona pia ikishindwa kukiachia. Mzee alitoka nacho hivyo hivyo, mwili umepinda mbali nacho.

Yaliyotokea nyumbani kwa yule mzee hayajulikani vizuri. Majirani walisema alianza na madirisha, akayafungua yote. Halafu akaleta fundi seremala akang'oa milango, ya vyumbani kwanza, kisha ya kabati, kisha ya barazani. Mkewe akahamia kwa binti yao. Dereva wa teksi aliyempakia alisema mzee alivunja kioo cha gari kwa kiwiko, gari likiwa linatembea, anapiga kelele kwamba hawezi kutoka. Na asubuhi moja alisimama kwenye lango la kambi, amevaa sare iliyombana, akasema mbele ya walinzi na mbele ya wanawake wa gengeni kwamba dereva wake hakutoroka. Alilisema mpaka sauti ikakauka.

Basi askari wakaja tena kwa Mama, safari hii na kofia mkononi. Mwanawe wakamwita marehemu, si mtoro tena. Wakaomba radhi kwa maneno mazuri yaliyoandaliwa. Mama aliwasikiliza wakiwa wamesimama, hakuwapa hata kiti. Wanawake waliomwita mama mtoro wakaja na mikeka wakitaka kukaa msiba naye. Aliwarudisha.

"Nitakaaje msiba na mwanangu yuko kazini?"

Kibano alimsihi. Kila jioni alimsihi. Jina limesafishwa, Mama, inatosha, tumchukue tumzike. Mama alimtazama kwa macho ambayo Kibano hakuyajua, na kwa mara ya kwanza hasira yake mwenyewe ikamwishia mwilini na kumwacha na baridi. Alimuogopa mama yake.

Siku moja, wakati wa magharibi, Kapteni alikuja akitembea kwa miguu. Aliyekuwa mnene alikuwa ananing'inia ndani ya shati. Vidole vyake vyote alikuwa amevifunga vitambaa. Hakuvuka kizingiti, alisimama nje, kifaru mikononi, na harufu ile ilimtangulia kuingia.

"Nazungusha mzinga, unarudi," alisema. "Nakesha nazungusha. Unarudi. Mama yangu, nimesema yote. Nimesema mbele za watu. Mchukueni sasa, mumzike."

Kibano alishapiga hatua. Mama alimshika kanga.

"Alibisha muda gani?" Mama aliuliza.

"Nani..."

"Siku ile. Ulipokuwa umeshatoka. Alibisha muda gani?"

Kapteni alitazama vidole vyake vilivyofungwa. "Mpaka akanyamaza."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mtaroni. Karibu." Machozi yalimshuka. "Nilikuwa nasikia."

"Basi kasikilize," alisema Mama, "mpaka anyamaze."

Akafunga mlango. Akasukuma komeo.

Walisimama gizani, mama na binti. Nje, Kapteni alilia kidogo kama mtoto aliyepotea sokoni. Kisha kukasikika kitu kinawekwa chini, taratibu, kwenye kizingiti. Kisha nyayo. Zilikwenda, zikakimbia, zikafika barabarani, zikapotea kabisa.

Ko. Ko. Ko.

Chini kabisa ya mlango.

"Mama," Kibano alinong'ona. "Huyo si Kapteni."

Mama alikuwa ameshalishika komeo. Alilivuta. Halikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, akamwita mwanawe kwa jina, akamwambia subiri, baba, subiri, nakufungulia. Kibano akashika juu ya mikono ya mama yake, wakavuta pamoja. Komeo lilelile walilolifungua asubuhi na jioni kwa kidole kimoja. Halikusogea. Moshi wa dizeli ulikuwa unapita chini ya mlango, na kubisha kukawa kwa haraka, kwa viganja sasa, kwa kucha, kukipanda mbao kutoka chini kwenda juu... wakavuta, wakavuta mpaka kucha za Mama zikakatika...

Halafu kukapungua.

Ko... Ko.

Halafu kimya.

Mama aliteleza akakaa sakafuni, akaachia kilio alichokifungia miaka yote hiyo, kilio kilichowatoa majirani nje na taa zao. Komeo likatoka lenyewe, laini. Hakuna kati yao aliyethubutu kuufungua mlango.